Usiku geto kwako mnalala wangapi?

 

Leo nimeamua tuachane kidogo na mambo ya mavazi, mapenzi na nani kamwacha nani. Tutayarudia tu, usiwe na wasiwasi. Nina swali moja, nalo nataka ulijibu bila kuzungusha: usiku ukishazima taa geto kwako, mnalala wangapi?

Najua wapo watakaojibu "peke yangu" kwa sauti ya chini, na wapo watakaojibu "wawili" huku wanatabasamu. Samahani, wote mmekosea hesabu. Yupo mbu nyuma ya pazia. Yupo mende chini ya jiko. Yupo mjusi kafiri karibu na taa. Wapo panya darini, yupo paka wa jirani dirishani, na pengine juu ya bati ametua bundi. Chumba ni kimoja, kodi unalipa wewe peke yako, tena ya miezi sita kwa mkupuo, lakini wakazi ni kibao.

Sasa sikiliza kitu kinachonifurahisha. Hawa wote mnakaa nao chumba kimoja, lakini hakuna hata mmoja anayekiona chumba kile unachokiona wewe. Wewe ukizima taa unasema sasa ni giza na ni kimya. Mwenzako wa darini ndo kwanza kumekucha, na kelele zimejaa tele.

Shule ya msingi tulifundishwa milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Tukakariri, tukapata vema, tukaenda zetu kucheza. Tatizo ni kwamba milango ile ni ya kwetu sisi. Viumbe wengine wana milango ambayo sisi hatuna kabisa, na hata ile tunayofanana nayo, ya kwao imefunguliwa upande mwingine.

Yupo msomi mmoja, Jakob von Uexküll, aliyezaliwa mwaka 1864 na kufariki mwaka 1944, ambaye alitumia maisha yake kulieleza jambo hili. Mwaka 1934 alitoa kitabu, na mfano wake mkubwa ulikuwa kupe. Kupe amekaa kwenye jani anasubiri mnyama apite. Rangi za maua hazimhusu, wala hana habari na ndege wanaoimba. Dunia yake ina mambo matatu tu: harufu ya asidi inayotoka kwenye ngozi ya mnyama, joto la mwili, na kugusa manyoya. Hayo yakitimia, kazi imekwisha. Kwa kupe, hiyo ndiyo dunia nzima, na hajioni kama amepungukiwa na kitu.

Haya, turudi geto kwako tuwapitie wapangaji mmoja mmoja.

MBU NA HADITHI YA DAMU TAMU

Kila kijiwe kina mtu anayedai ana damu tamu. "Mbu wananipenda mimi, huyu mshikaji ninayelala naye hawamgusi." Watu wanamcheka. Kwa taarifa yako, habari ya kupendwa ni ya kweli. Kisichokuwa kweli ni utamu wa damu, maana mbu hawezi kuionja damu yako kabla hajakuchoma.

Kwanza elewa kwamba anayeng'ata ni jike peke yake, kwa sababu anahitaji damu ili atengeneze mayai. Dume ni mtu wa maji ya maua, hana neno na wewe. Jike anakutafuta kwa hatua. Akiwa mbali anaanza na pumzi yako. Ile hewa chafu unayoitoa, kaboni dayoksaidi, kwake ni kama moshi wa mishikaki kwa mtu mwenye njaa: anaufuata hadi jikoni. Akisogea anachukua harufu ya ngozi. Akifika karibu zaidi anapata joto na unyevu wa mwili. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walionyesha kwamba mbu aina ya Aedes aegypti, yule wa mchana anayeleta dengue, anaweza kunasa mnururisho wa joto la mwili kutoka umbali wa kama sentimita 70. Yaani giza lako si giza kwake. Umelala pale unawaka kama jiko la mkaa.

Halafu kuna suala la miguu. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Kiholanzi, Bart Knols na Ruurd de Jong, waliandika kuhusu mbu wa malaria, Anopheles gambiae, ambaye anapenda sana kung'ata miguuni na kwenye vifundo. Wakagundua kwamba anavutwa pia na jibini ya Limburger, jibini ya Ulaya inayonuka kama soksi za wiki nzima. Usishangae. Vijidudu vinavyoipa jibini ile harufu ni ndugu wa vile vinavyokaa kati ya vidole vya miguu yetu. Mwaka 2006 kazi hiyo ikapewa tuzo ya Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unakufanya ufikiri. Sasa usikimbilie kusema dawa ni kuosha miguu tu. Watu walipooshwa miguu kwa sabuni ya kuua vijidudu, mbu walibadili sehemu ya kung'ata, lakini kung'ata waliendelea.

Na yule mwenye damu tamu? Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller kule New York waliwavalisha watu soksi za nailoni mikononi ili zinyonye harufu ya ngozi, kisha wakawapa mbu wachague. Mtu aliyependwa zaidi aliwavuta mbu zaidi ya mara 100 kuliko aliyependwa kidogo. Siri ilikuwa asidi fulani za mafuta ya ngozi, na mtu aliyekuwa kipenzi cha mbu aliendelea kuwa hivyo hata baada ya muda mrefu. Kwa hiyo si uchafu, si chakula, si wivu wa jirani. Ni harufu ambayo wewe mwenyewe huisikii.

Hapa kwetu napo hatukulala. Mwaka 2010 watafiti wa Ifakara, akiwemo Fredros Okumu, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya mkoani Morogoro. Walitengeneza harufu ya bandia ya binadamu kwa kuchanganya kaboni dayoksaidi, amonia na asidi zinazopatikana kwenye jasho. Ile harufu ilipowekwa kwenye kibanda chake mbali na kibanda chenye mtu, iliwavuta mbu mara 3 hadi 5 zaidi ya mtu mwenyewe. Lakini harufu na mtu walipowekwa pamoja ndani ya kibanda kimoja, mbu hakudanganyika kirahisi, mtu alilingana na harufu au akaishinda. Maana yake akiwa mbali anafuata pua, akifika karibu anahakikisha kwa milango mingine. Si mchezo!

Jambo moja hapa naomba ulichukulie kwa uzito. Kule Gambia, mwaka 2000, iliripotiwa kwamba wanawake wajawazito waliwavuta mbu wa malaria karibu mara mbili ya wasio na mimba. Sababu zilizotajwa ni kwamba mjamzito anapumua zaidi na tumbo lake lina joto zaidi kidogo. Malaria kwa mjamzito ni hatari kwa watu wawili kwa mpigo. Kwa hiyo kama una mke, dada au shemeji aliye katika hali hiyo na chandarua mlichonacho ni kimoja, wewe mwanaume usijifanye hujasoma hapa.

MENDE HASUBIRI NDALA

Umewasha taa, mende yule mkubwa mwekundu kasimama katikati ya sakafu. Unainama polepole, unachukua ndala, unalenga, unapiga. Paa! Sakafu inauma, mende yuko uvunguni anapumua.

Ukafikiri alikuona. Wala. Mende ana vijimkia viwili nyuma, na kila kimoja kimejaa vinyweleo vidogo sana vinavyotikiswa na upepo hata uwe mdogo vipi. Ndala yako inaposhuka inasukuma hewa mbele yake. Upepo ule unafika kabla ya ndala, vinyweleo vinatikisika, na habari inapita moja kwa moja kwenda miguuni bila kuzunguka kuomba ruhusa kichwani. Ndani ya muda kama sehemu moja ya 20 ya sekunde, mende amekwishageuka upande usiokuwa na upepo na kutimua mbio.

Ndo maana ukimwekea kitu cha kunata au dawa yenye chakula anaisha, lakini ukishindana naye kwa ndala anakutia aibu mbele ya mgeni wako. Kwa mende, wewe si mtu mwenye sura na jina. Wewe ni upepo mbaya unaotoka juu.

MJUSI KAFIRI NA RANGI ZA USIKU

Huyu hana makuu. Anakaa ukutani karibu na taa, anakusaidia kula wadudu, na shukrani yake ni kufukuzwa na fagio.

Ukitoka nje usiku wenye mbalamwezi hafifu utaona kila kitu ni kijivu. Shati jekundu na shati la kijani vinafanana. Macho yetu yana vipokezi vya aina mbili, vya rangi na vya mwanga mdogo, na mwanga ukipungua sana vile vya rangi vinagoma. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, waliwapima mijusi wa jamii hii wa kutoka Afrika ya Kaskazini Magharibi. Wakakuta wanatofautisha rangi kwenye mwanga ambao sisi tunaona kijivu tupu, na wakakadiria kwamba macho yao yana uwezo mara 350 zaidi ya uwezo wetu wa kuona rangi. Sisi usiku tunatazama sinema ya zamani isiyo na rangi. Mwenzetu anatazama ya rangi, bila kulipa kiingilio.

PANYA WANAPIGA SOGA, PAKA ANASIKILIZA

Sasa tupande darini.

Sikio la kijana mwenye afya linasikia sauti zenye mitetemo kuanzia 20 hadi kama 20,000 kwa sekunde, na kadiri umri unavyokwenda ule mwisho wa juu unapungua. Panya anasikia na kutoa sauti juu zaidi ya hapo. Akiwa na hofu analia kwa mitetemo kama 22,000 kwa sekunde. Akiwa na furaha anapanda hadi kama 50,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Jaak Panksepp, kule Marekani, aligundua kwamba panya wachanga wakitekenywa wanatoa sauti hizo za furaha kwa wingi, na wakiachwa wanaufuata mkono ili watekenywe tena. Yaani hapo juu yako usiku kuna watu wanacheka na kuitana, wewe unasikia kukwaruzakwaruza tu.

Nani anawasikia? Paka. Sikio la paka linapanda zaidi ya mitetemo 60,000 kwa sekunde. Sasa kumbuka zile nyakati paka anapokaa katikati ya chumba, anakodolea macho kona isiyo na kitu, masikio kayasimamisha, mkia kauweka kimya. Watu wanaanza kunong'ona: "Huyo anaona majini." Wengine wanamtoa nje, wengine wanamtupia maji, na akiwa mweusi ndo balaa kabisa, anaweza hata kuuawa.

Ndugu yangu, paka anasikiliza mazungumzo ya watu wa darini! Kona ile ina panya nyuma ya ukuta, na yeye anawasikia kama wewe unavyosikia redio ya jirani. Macho yake kung'aa gizani nako si uchawi. Nyuma ya jicho ana utando unaorudisha mwanga ili jicho liutumie mara ya pili. Kwenye giza totoro kabisa hata yeye haoni, ila anahitaji mwanga kidogo sana kuliko sisi.

Tusimsifie mno, maana naye ana umaskini wake. Mwaka 2005 iligundulika kwamba paka hana uwezo wa kuonja sukari, kwa sababu jeni inayohusika imeharibika. Keki ya harusi yako kwake ni mafuta na unga. Kila kiumbe kapewa na kanyimwa.

BUNDI JUU YA BATI

Sasa tumefika kwa mgeni anayeogopwa kuliko wote, na hapa utani naupunguza.

Kwenye nyumba moja niliyowahi kupanga hapa jijini, nyumba ya vyumba nane na choo kimoja, palikuwa na bibi mmoja mpole aliyekaa chumba cha pembeni. Alikuwa anauza ubuyu kwa watoto na kuwapa wengine bure. Ikatokea wiki moja bundi anakuja kila usiku, anatua juu ya bati, upande uleule wa chumba cha bibi. Analia, anaondoka, kesho anarudi. Wiki hiyohiyo mtoto wa mpangaji mwingine akapata homa kali usiku wa manane, akaanza kuweweseka.

Unajua kilichofuata. Asubuhi kwenye foleni ya maji watu wakaanza kuhesabu: bundi, bibi, mtoto. Mmoja akakumbuka bibi alimpa yule mtoto ubuyu. Mwingine akakumbuka bibi huwa anaamka usiku. Salamu zikapungua. Siku ya tatu mlango wa bibi ukakutwa umechorwa kwa mkaa. Siku ya tano vijana wawili wakasikika wakisema kwa sauti, makusudi asikie, kwamba nyumba hii itasafishwa. Jumapili mwanawe akaja na gari dogo la mizigo akamchukua. Bibi akaondoka na kapu lake la ubuyu, hakuaga mtu, na hakuna aliyetoka kumsaidia kubeba kitanda.

Mtoto alipopelekwa kupimwa alikutwa na malaria. Akatibiwa, akapona. Mwenye kosa alikuwa mbu, yule yule tuliyemsema hapo juu, anayefuata pumzi za mtoto gizani.

Na bundi je? Mwezi uliofuata mwenye nyumba alifungua dari ya upande ule, maana palikuwa na harufu. Ukutani na chumba cha bibi palikuwa na stoo ambamo mwenye nyumba mwenyewe alihifadhi magunia ya mahindi. Juu ya stoo, darini, palikuwa na panya wa kila saizi, baba, mama, wajukuu.

Sasa ngoja nikueleze bundi anavyosikia. Yule bundi mwenye uso mweupe wenye umbo kama moyo, uso wake ni kama dishi la setilaiti. Manyoya ya uso yanakusanya sauti na kuipeleka masikioni. Tena matundu yake ya masikio hayako sawa, moja liko juu kidogo ya jingine. Kwa hiyo sauti ikitoka chini inafika tofauti kwenye kila sikio, na bundi anajua si tu kwamba panya yuko kushoto au kulia, bali pia yuko juu au chini kiasi gani. Roger Payne, mtafiti wa Marekani aliyekuja kujulikana baadaye kwa kazi yake ya nyimbo za nyangumi, alimweka bundi wa aina hii kwenye chumba chenye giza kabisa, sakafuni akamwaga majani makavu, akamwachia panya. Bundi alimkamata kwa masikio tu. Hata karatasi iliyoburuzwa juu ya yale majani aliivamia, kwa sababu ilikuwa inatoa sauti ya panya.

Mabawa yake nayo yana manyoya laini yanayoua kelele ya upepo, ndo maana unamwona ghafla bila kusikia kitu, halafu unasema kajitokeza kama mzimu. Hakujitokeza. Alikuja kama bundi anavyokuja.

Kwa hiyo bundi yule hakufuata bibi. Alifuata mahindi ya mwenye nyumba, kupitia kwa panya. Kila usiku alikuwa anafanya kazi ambayo wapangaji wote wanane walikuwa wanachangishana hela ya sumu waifanye. Na panya si wa kuchekea. Mwaka 2022 kule Ruangwa, mkoani Lindi, ilizuka homa ya mgunda, ugonjwa unaotokana na mkojo wa wanyama, wakiwemo panya, na watu 3 wakafariki. Anayepunguza panya juu ya bati lako angestahili kupewa chai.

Nchi hii tunajua mambo ya kunong'onezana yanakofikia. Wapo vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni kwa miaka mingi. Bibi wetu alibahatika, alikuwa na mtoto mwenye gari la kukodi. Asiye naye anafanya nini?

PANYA BUKU WA MOROGORO

Wasije wakasema nimewapendelea bundi na paka, ngoja nimalizie na panya, maana na wao wana upande wao wa kuheshimiwa.

Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wapo panya wanaokwenda kazini. Ni panya buku, wakubwa, mmoja anaweza kufikia zaidi ya kilo moja. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, lilihamishia kazi yake pale mwaka 2000. Panya buku haoni vizuri, lakini pua yake ni noma. Wanafundishwa tangu wadogo: wakinusa harufu inayotakiwa na kuonyesha, wanasikia mlio wa "tik" na kupewa ndizi. Baada ya miezi kadhaa wamehitimu.

Kazi yao ya kwanza ni mabomu ya ardhini. Wao hawatafuti chuma kama mashine, wananusa baruti yenyewe, na uzito wao hautoshi kulipua bomu. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi wanalimaliza kwa kama dakika 30, wakati mtu mwenye mashine anaweza kuchukua hadi siku 4, kwa sababu mashine inapiga kelele kwa kila msumari. Walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa haina tena mabomu hayo mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapahapa Tanzania mwaka 2013 akapelekwa Kambodia. Aligundua mabomu ya ardhini 71 na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Alifariki Januari 2022 akiwa mstaafu. Baadaye akaja Ronin, mzaliwa wa Tanzania pia, ambaye mwaka 2025 aliingia kwenye kitabu cha Guinness kwa kugundua mabomu ya ardhini 109.

Kazi ya pili ndo inayotugusa sisi wa mjini. Tangu mwaka 2007 panya hawa wamekuwa wakinusa makohozi yaliyopelekwa kutoka kliniki kutafuta kifua kikuu. Panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa kama dakika 20. Mtaalamu mwenye darubini sampuli hizo zinaweza kumchukua hadi siku 4. Sampuli ambayo kliniki imesema haina kitu, panya akisimama na kukwaruza, inapimwa upya maabara. Kwa njia hiyo wamepatikana maelfu ya wagonjwa ambao wangerudi nyumbani na karatasi inayosema ni wazima.

Fikiria hilo ukiwa ndani ya daladala iliyojaa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na mtu nyuma yako anakohoa kavu. Pua zetu sote humo ndani hazisikii kitu zaidi ya jasho na samaki wa mtu. Panya angesikia. Kwa hiyo kikohozi kikizidi wiki mbili, usikibembeleze kwa asali na tangawizi. Nenda kapime, na matibabu ya kifua kikuu kwenye vituo vya serikali ni bure.

TUFUNGE KAZI

Nisikuchoshe, najua kituo chako kimekaribia. Nina machache ya kukuachia.

Chandarua chenye dawa kifungwe kila usiku, hata kama mshikaji wako anadai mbu hawamjui. Mchana usisahau madumu na vifuu vyenye maji uani, maana yule wa dengue anafanya kazi mchana, na Dar ilishamwona mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mahindi na unga viwekwe kwenye chombo chenye kifuniko. Paka akikodolea kona, kakague hiyo kona kwa tochi. Bundi akitua juu ya bati, kagua dari kabla hujamkagua jirani. Sumu ya panya nayo itumie kwa akili, kwa sababu panya aliyekula sumu akiliwa na paka au bundi, umeua na askari wako.

Na kama kwenye nyumba yenu yupo bibi wa chumba cha pembeni, mpitie jioni hii. Nunua ubuyu wa mia tano. Ukikuta hana chandarua, basi unajua la kufanya.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitajibu swali la msomaji mmoja wa Mbagala anayeuliza kwa nini mpenzi wake kila wakigombana anamwambia "unanuka uongo". Nina majibu mawili, na moja si zuri kwake. Ijumaa njema!